Mtaa Usio na Uani

Makuti yaliyoungua yakinyeshewa na mvua hutoa harufu chungu inayong'ang'ania nguo hata baada ya kufuliwa. Mwaka ule, enzi za Mwingereza, mtaa wetu mzima pale Kisarawe ulinuka hivyo. Moto ulianzia jikoni kwa jirani, ukashika ua wake wa makuti, ukaruka ua kwa ua, na kabla ya adhuhuri tulikuwa tumekaa barabarani na masufuria yetu. Hakufa mtu, tukamshukuru Mungu. Baba yangu alikuwa fundi wa nyumba aliyejifunza kuchora ramani Dar es Salaam. Leo angeitwa msanifu majengo. Bwana Shauri, yule Mzungu mkuu wa wilaya, akamkabidhi kazi ya kuupanga mtaa upya, nami nikawa natembea kifua mbele utadhani nimechora mwenyewe.

Baba aliwaza moto tu. Kwa kuwa nyua ndizo zilizoubeba, alizifuta zote kwenye ramani yake. Nyumba zikasimama mbali mbali, zimenyooka, na nyuma yake uwanja mtupu unaoonekana kutoka barabarani. Bibi, mama yake, alimwuliza, "Mwanangu, wanawake wataogea wapi?" Baba akajibu, "Mama, kwanza tusiungue." Wazungu walikuja kuusifu mtaa. Wanawake waliohamia humo wakasema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani.

Mbaya zaidi, dada yangu Mwanaidi alikuwa mwali. Alikuwa amevunja ungo na kuwekwa ndani, asionwe na mwanamume yeyote hadi siku ya kutolewa kwa ngoma. Mwali huoga na kupunga hewa uani, na uani haukuwapo. Basi kila jioni Mama aliwaomba majirani, wakaja na mikeka na khanga, wakasimama duara mikono juu, na dada akaoga katikati yao huku vijana wakipiga miluzi barabarani. Mimi, mdogo wake wa kike, nilishika pembe ya mkeka, uso unaniwaka kwa aibu. Nilimsikia dada akilia mle ndani, nikamchukia Baba.

Jioni moja Baba alirudi mapema, akawakuta wanawake wamesimama hivyo nyuma ya nyumba yake. Akageuza uso upesi. Bi Mwajuma, jirani yetu, akamwambia bila kushusha mkono, "Karibu, fundi. Tunakumalizia kazi yako."

Asubuhi yake Baba alianza kukandika ukuta wa udongo, usioshika moto, kuzunguka nyuma ya nyumba yetu. Ulipokamilika Mama akamwuliza, "Na wenzetu je?" Baba akanawa udongo mikononi taratibu. "Nikiwajengea wote, Bwana Shauri atajua nilikosea."

Siku hizi nakaa Kibaha, upande wa Mbwawa, ambako watu huzungusha ukuta wa matofali hata kabla ya kuezeka, na hakuna ajuaye jirani yake anaogea wapi. Wazee wa Kisarawe wakimtaja Baba humsifu kwamba mtaa wake haukuungua tena, na ni kweli. Mimi huinamisha uso. Bi Mwajuma na wenzake waliendelea kushikiana mikeka kila jioni, wakitusikia tunavyojimwagia maji kwa raha nyuma ya ukuta wetu, na hatukumkaribisha hata mmoja wao.