Rola za Assam na Mkono wa Kiprono

Siku yangu ya kwanza kiwandani, upande wa Kericho, Foreman alinisimamisha mbele ya mashine ya kukata majani ya chai, akaniambia nisiguse kitu mpaka anifundishe kuiogopa.

"Wafula, unaona hizi rola mbili? Zina meno. Moja inazunguka pole pole, nyingine mbio. Jani likipita katikati linakatwa, linararuliwa, linakunjwa. Mkono pia."

Mashine hiyo, alinieleza, ilibuniwa na msimamizi mmoja wa shamba kule Assam, India, katika miaka iliyotenganisha vile vita viwili vya dunia. Miaka hiyo hiyo ndiyo mashamba makubwa ya chai yalikuwa yanaota mizizi hapa Kericho. Hadi leo, kiwanda kikinguruma, ni wazo la mtu yule linalonguruma.

Kazi yangu ikawa kunoa yale meno. Rola hutolewa, hufungwa kwenye mashine ya kuchonga chuma, na meno yaliyolika hukatwa upya. Nilikuwa na mkono mwepesi, na Injinia wa kiwanda alinipenda kwa hilo.

Aliyelisha majani kwenye laini yangu alikuwa Kiprono, Mkipsigis wa Kipkelion. Nilipofika kutoka Bungoma bila kujua mtu, yeye ndiye alinitafutia nyumba na kunifundisha kuwasalimu majirani kwa lugha yao, "chamgei".

Msimu mmoja wa mvua majani yalifurika. Kinga, yaani bamba la chuma linalozuia mikono kufikia rola, ilipinda ikaanza kukwaruza rola. Nikamwomba Injinia tusimamishe laini.

"Na majani yote haya yaoze?" akasema. "Toa hiyo kinga. Tutairudisha Jumapili."

Nikachukua spana, nikafungua nati nne. Ijumaa, kabla ya chakula cha mchana, majani yalikwama na Kiprono akayasukuma. Nilikimbilia swichi. Nilipoizima, mkono wake wa kulia ulikuwa umeingia mpaka kwenye kiwiko.

Wiki iliyofuata Meneja aliniita ofisini. Injinia alikuwa ameketi kando, anaangalia dirisha. Ripoti ilikuwa imeshaandikwa: Kiprono alitoa kinga mwenyewe, bila ruhusa.

"Una familia, Wafula," Meneja alisema. "Weka sahihi hapa."

Nikaweka. Kiprono aliachishwa kazi angali hospitalini. Mimi nilihamishiwa kiwanda cha Bomet, na baada ya miaka michache nikawa Foreman. Nilifundisha mafundi wengi kuogopa rola. Habari ya karatasi ile sikumwambia hata mmoja.

Nilipostaafu, nilipanda gari kwenda Kipkelion. Nilimkuta Kiprono akikamua ng'ombe kwa mkono mmoja. Mkewe alituletea chai, tukaketi uani.

"Kiprono," nikasema, "kinga niliitoa mimi."

"Najua. Nilikuwa nimesimama pale ukifungua."

"Mbona hukuwaambia?"

"Niliwaambia. Walikuja hospitali na karatasi yao, nikasema huo ni uongo." Alinitazama bila hasira, na hilo ndilo lililonimaliza. "Nikawaambia, kama hamniamini, muulizeni Wafula."