Aliyefungwa Ndiye Anayetoka

Televisheni ikipata moto ina harufu yake. Ni ya vumbi linaloungua polepole nyuma ya kioo, na kwenye kibanda cha Lazaro ilichanganyika na mafuta ya sambusa za jirani na moshi wa malori yaliyopanga foleni kuvuka kwenda Nakonde. Hata leo nikiisikia harufu hiyo mahali, mtu wa kwanza kunisemesha nitamjibu vibaya, wala sitamwomba radhi. Shule niliishia darasa la nne, kwa hiyo msitafute maneno mazuri hapa. Nimekuja kusema kilichoniudhi.

Kwetu ni Mbebe, kule milimani Ileje. Mwaka ule mavuno yalipokwisha, mama alinituma Tunduma kwa mdogo wake, aliyekuwa akipikia madereva wali na maharage. Kazi yangu ilikuwa kuosha vyombo. Mchana, madereva wakijilaza kwenye vivuli vya malori yao, mimi nachomoka hadi kwa Lazaro. Kibanda cha mabati, benchi moja, televisheni moja, na mashine ya gemu aliyoitoa ng'ambo. Kaseti yake ilikuwa imeandikwa ina maelfu ya michezo. Uongo mtupu! Ilikuwa michezo michache tu inayojirudia. Ukishuka chini kabisa ya orodha unaikuta ndege ileile, wameibadilisha rangi. Aliyeandika ile namba kama bado yu hai, natamani aje auone uso wangu.

Lakini kibanda kilikuwa na sheria moja nzuri, na niliipenda kuliko mchezo wenyewe: aliyefungwa anatoka, aliyeshinda anabaki kwenye benchi na halipi tena. Mchezo uliogombaniwa ulikuwa wa mbio. Vijitu viwili vinakimbia, na mbio zao ni kidole gumba chako tu, unabonyeza, unabonyeza, mpaka utepe ukatike. Sasa, mimi nimepukuchua mahindi tangu najijua. Magunia kwa magunia, mahindi makavu ya mlimani yanayong'ang'ania gunzi kana kwamba yamezaliwa nalo. Gumba langu lilikuwa gumu kama kisigino. Watoto wa Tunduma walikuwa na vidole vya kushikia maandazi.

"Dada wa sahani, umefuata vyombo?" aliniuliza Festo, ndiye aliyekuwa bingwa wa pale. Wenzake wakacheka.

"Nimekuja kucheza."

Wakacheka zaidi. Dereva mmoja wa Kizambia, aliyekuwa amesimama mlangoni, akasema, "Awe!" yaani hapana kwa Kibemba, "mwacheni mtoto acheze." Nikalipa, nikakaa. Kijitu cha Festo kilikuwa bado kinahema katikati ya njia, changu kimeshafika kinanyanyua mikono. Akadai pedi yake, kile kidude cha kubonyezea, ni mbovu. Tukabadilishana pedi, nikamfunga tena. Akatoka. Akaja mwingine, akatoka. Siku zile nilikuwa nikikaa kwenye benchi lile mpaka mama mdogo aanze kuita, na wavulana wote mstari mzima nyuma yangu wanalamba magumba yaliyotoka malengelenge. Nyumbani nilikuwa wa kutumwa. Pale nilikuwa na mahali pangu, na hakuna aliyenipa kwa huruma.

Sasa sikilizeni ubaya. Mchana mmoja nimemfunga Festo kwa mara nyingine, Lazaro akasimama mbele ya televisheni. "Kuanzia leo, mtoto wa kike akishinda, anapisha."

"Kaka Lazaro, aliyefungwa ndiye anayetoka. Wewe mwenyewe ulisema."

"Hiyo ya wanaume. Utanikimbizia wateja."

Festo akanipokonya pedi mkononi ikiwa bado ina joto langu. Sikulia. Nilikwenda kwa mama mdogo kushtaki, naye akaniuliza nilikuwa nikitafuta nini kwa wahuni.

"Nilikuwa nimeshinda, mama."

"Basi kayashinde masufuria."

Nikarudi Mbebe na kinyongo changu. Msimu uliofuata nilipukuchua mahindi kwa hasira mpaka mama akauliza yamenikosea nini.

Sasa nina wajukuu, nakaa kwa mwanangu hapahapa Tunduma, na gemu nimecheza za kutosha kuzichukia. Kuna ya malori. Nimeendesha lori nchi nzima, nimefika mpakani, geti likafunguka. Lenyewe! Hakuna foleni, hakuna wakala wa forodha aliyezima simu, hakuna dereva anayeanika soksi kwenye kioo cha pembeni. Huyo aliyeitengeneza aje alale hapa nje siku mbili tatu ndipo akatengeneze upya. Kuna ya kilimo: unapanda mahindi, ugali wako jikoni haujaiva, yenyewe shambani yameshaiva, nyani hawana habari, na yanaingia ghalani yamekwisha pukuchuliwa. Na nani? Kuna ya vita, mtu anakufa, anahesabiwa kidogo, anaamka na bunduki yake. Na ile ya matunda kwenye simu, ukifika patamu linaingia tangazo, kijana anakatika kiuno akiniuzia mkopo. Nimeifuta. Nimeirudisha. Nimeifuta tena.

Jumapili iliyopita, baada ya kanisa, tulikuwa tunacheza ya mpira kwenye televisheni ya mwanangu, ambayo ni nyembamba na haina harufu yoyote. Mjukuu wangu Neema, msichana asiyejua hata gunzi linashikwaje, akanifunga. Si kwa bahati. Alinifunga mpaka mtangazaji wa ndani ya gemu akaanza kunihurumia kwa Kizungu. Kaka yake, aliyekuwa akisubiri zamu, akamgusa bega. "Neema, toka, tucheze mimi na bibi."

Neema akaanza kunyanyuka. Bila kubisha, kama aliyezoea.

Nikahisi ile harufu ya vumbi linaloungua, na haikuwa ikitoka kwenye televisheni.

"Kaa!" nilisema, kwa sauti iliyomleta mwanangu kutoka uani. "Nani amefungwa hapa?"

"Wewe, bibi," alisema Neema.

"Basi?"

Nikamtupia kaka yake pedi, nikaondoka kwenye kochi, magoti yakilia, nikakaa nyuma yao kwenye ndoo iliyofunikwa. Nilikuwa nimenuna kweli, msidhani ni maonyesho, sipendi kufungwa. Ila hasira hii ya kufungwa ni nyepesi, nikilinganisha na ile niliyotoka nayo kwa Lazaro. Dakika chache baadaye kijana akasimama, kichwa chini.

"Zamu yangu," nikasema.