Hapana ya Kwanza

Celestino Boglione alipaka chokaa chumba cha juu wiki nzima kabla binti yake hajafika, kisha akamwambia kila mtu kijijini kwamba alikuwa akiondoa ukungu tu. Hakuna aliyemwamini. Ukungu ule alikuwa ameishi nao tangu mkewe Ernesta afariki, wala haukuwahi kumnyima usingizi. Tulijua anamwandalia Ornella. Tulijua pia kwamba ungeweza kumng'oa meno yote bila kulisikia hilo kutoka kinywani mwake.

Ndivyo alivyo, na kusema kweli ndivyo tulivyo wengi wetu katika vilima hivi vya Langhe, huku Italia, ila yeye amezidi. Huku ukikaribishwa kitu, unakataa. Ukikaribishwa tena, unakataa tena, kwa sauti ya chini kidogo. Mara ya tatu unapokea, huku ukinung'unika kwamba umelazimishwa. Anayepokea mara ya kwanza tunamwona mroho, na anayekaribisha mara moja akanyamaza tunajua hakuwa na nia. Celestino alilelewa na mama aliyemfinya chini ya meza kila aliponyoosha mkono mapema kwenye sahani ya jirani. Hata kuoa alioa kwa mtindo huo. Alipokwenda kumposa Ernesta, baba wa msichana alimkatalia Jumapili mbili, akamkubalia ya tatu, na watu wote nyumbani mle walijua tangu mwanzo kwamba harusi ipo.

Maisha yake yote amehangaika na kiteremko kimoja cha mizabibu alichoachiwa na babake. Mvinyo wake ni mzuri, wa kunywewa na nyama ya Jumapili, si wa kuandikwa magazetini. Siku hizi wageni wanakuja huku kutoka kila pembe ya dunia. Wanazunguka Barolo na La Morra na vijiji vyote vya katikati, wanaonja, wanatema, wanapiga picha hata nguo zetu tulizoanika. Kwa Celestino hawasimami kwa sababu hana kibao barabarani. Dada yake Felicina amemwambia mpaka amechoka kwamba aweke kibao. Hataki. Kwake yeye kibao ni kama kunyoosha mkono na kuomba.

Ornella aliondoka akiwa msichana, akaenda kuvuna zabibu Australia kwa msimu mmoja. Siku aliyopata nafasi hiyo alimwuliza baba yake, "Niende?" Celestino akamjibu, "Nenda, kwani nani amekushika?" Kisha akashuka shambani, na Felicina alimkuta huko amekaa chini kati ya mizabibu, analia kwa kwikwi kama mtoto aliyechapwa. Ule msimu mmoja ukazaa ndoa. Miaka ikapita, Ernesta akafa, na nyumba ikabaki na mtu mmoja na paka.

Safari hii alikuja na mumewe, Grant, jitu la miraba minne lenye uso mwekundu na moyo mweupe, ambaye kazi yake huko kwao ilikuwa hiyohiyo ya mizabibu. Walikodi gari wakaanza kuzunguka vijiji kama wageni wengine, na Celestino wakamtia kiti cha nyuma. Sisi tulicheka kumwona akitalii mahali alipozaliwa. Katika ukumbi mmoja wa kuonjea, binti wa mjini mwenye kucha ndefu alimletea glasi.

"Karibu, mzee, onja."

"Hapana, asante, mwanangu. Usijisumbue."

Binti akatabasamu, akaichukua glasi, akaenda nayo. Celestino aliisindikiza kwa macho mpaka ikafika meza ya pili. Jioni alimsimulia Felicina habari hiyo kwa hasira kubwa kuliko ilivyostahili.

Jumapili Felicina akaja kuwapikia. Alikuwa jikoni anachuja tambi Ornella alipoweka uma chini.

"Baba, kuna jambo. Kazi ya Grant imeisha. Kuna watu wa Sydney wanamtaka, ila hatujawajibu, wanangoja hadi mwisho wa mwezi. Tumekaa tukafikiri. Tungependa kuhamia hapa. Tukae na wewe, tushike shamba."

Hakuna kitu kingine Celestino alichokuwa amekiomba kwa Mungu tangu amzike mkewe. Moyo ulimwenda mbio mpaka akaogopa utasikika. Na kwa kuwa jambo lilikuwa kubwa kuliko yote aliyowahi kukaribishwa, adabu nayo ikamtaka alikatae kwa nguvu zaidi.

"Ah, wapi!" alisema. "Msijisumbue. Nyumba yenyewe gofu, na hilo shamba halishibishi hata huyu paka."

Grant alimgeukia mkewe. "Amesemaje?"

"Anasema tusijisumbue."

Ornella alimtazama baba yake. Alilelewa kwenye meza ileile, lakini alikuwa ameishi muda mrefu mno mahali ambapo mtu akisema hapana unachukua kofia yako unakwenda. "Una hakika, baba?"

"Nina hakika. Maisha yenu yako kule." Alilisema kwa sauti ya chini kidogo, kama inavyotakiwa, akamega mkate, akangoja.

Grant alimwekea mkewe mkono begani. "Basi, usimlazimishe mzee wa watu. Nyumba ni yake."

Felicina akaingia na bakuli la tambi linalofuka moshi, akawagombeza wote kwa kuacha mvinyo upate joto, na mazungumzo yakahamia kwenye siagi.

Celestino aliendelea kungoja. Hakupanda tena gari. Alibaki nyumbani, akifagia ua uliokwisha fagiwa, ili wakirudi wamkute na nafasi ya kuongea. Walirudi wamechoka, wanaongelea vijiji na ngome na bei za chakula. Ornella akambusu akapanda kulala. Asubuhi moja alimwambia, "Chumba kimependeza kweli, baba. Umekipaka lini?"

"Ah, kulikuwa na ukungu tu."

Pale, jamani, pale alipewa mlango wazi akaufunga kwa mkono wake. Nimemkasirikia mara nyingi katika maisha haya, lakini kwa hilo bado sijamsamehe.

Siku ya kuondoka alisimama karibu na dirisha la gari muda mrefu, ameshika paa kana kwamba angelizuia. Ornella alikuwa na machozi machoni. Akasema, "Haya, baba." Celestino akangoja kidogo tena.

"Endesheni polepole," alisema mwishowe. "Kona ni nyingi."

Baada ya hapo aliacha kula vizuri. Mizabibu ilikuwa inahitaji kupogolewa, naye alikaa jikoni akitazama makasi. Mwezi ulikuwa unakwisha Felicina alipomkalia mbele na kumwambia hatoki mpaka ajue kuna nini.

"Walitaka kuhamia," alisema Celestino. "Kukaa hapa."

"Walitaka nini? Nawe ukasemaje?"

"Nikakataa mara mbili."

"Halafu?"

"Halafu hawakuniuliza tena."

Felicina alishika kichwa. "We mwanamume, una akili wewe? Mtoto ameishi kwa watu wengine, mume wake hajui hata kusalimia kwa lugha yetu, nawe unawafanyia adabu za mama? Umekuwa bwana harusi unayetaka kubembelezwa?"

"Angekuwa na nia angeuliza tena."

"Nyamaza. Nyamaza nisije nikakutia kofi uzeeni huku."

Akaichukua simu akapiga mwenyewe. Kwa Ornella ilikuwa jioni. Felicina aliongea haraka, akafoka, akalainika, akafuta pua, kisha akamkabidhi kaka yake simu.

"Baba?" aliuliza Ornella. "Shangazi anasema ulikuwa unataka tubaki. Mimi nilidhani hututaki. Nililia ndege nzima, Grant akawa hajui anifanye nini. Baba, anatia saini ya Sydney kesho asubuhi. Akishatia saini ndiyo basi. Niambie leo. Unataka turudi?"

Felicina aliinama mbele, mikono ameifumbata.

Celestino alijua kabisa kwamba hii ndiyo mara ya tatu. Akilini alijua. Lakini lile la mezani lilikuwa swali jingine, na hili lilikuwa swali jipya, la simu; na mdomo wake, uliofunzwa kwa kufinywa, ukaanza kuhesabu upya.

"Ah, wapi," alisema. "Msijisumbue."

Felicina alifumba macho. Celestino aliikandamiza simu sikioni, amenyoosha shingo, uso umekaa tayari kama wa mtu anayeona sahani ikirudi upande wake. Alikuwa amekwisha amua kwamba akiulizwa tena hatangoja hata mara ya tatu. Angesema ndiyo palepale, aibu au si aibu.

Nyuma ya Ornella alisikika Grant akiuliza, "Amesemaje?"

"Sawa, baba," alisema Ornella taratibu. "Nimekuelewa. Sitakusumbua tena kwa hilo. Ujitunze."

Simu ikakatika. Celestino hakuiondoa sikioni.

"Mpigie," alisema Felicina. Hakuwa anafoka tena, alikuwa anamsihi. "Celestino, nakuomba. Mpigie sasa hivi, wewe mwenyewe."

Alimtazama dada yake, macho yamejaa machozi.

"Nimpigie nimwambieje?" aliuliza, na hakuwa anabisha. Alikuwa hajui.