Dakika Kumi Chini ya Ulimi

Jagsir hakuzaliwa mtu wa kunyamaza. Wilaya nzima ya Mansa, huku Punjab, hakuna dereva wa mashine ya kuvuna ngano aliyemshinda kwa mdomo. Unga, ule wa kulevya, ndio uliomzima. Miaka minne aliuvuta, hata mkewe Veerpal akachoka, akabeba mtoto, akarudi kwao.

Sasa ana siku tisini na nne za kliniki, na anatembea kifua mbele. Kila asubuhi nesi husaga tembe ya kuachisha unga, akaimwaga chini ya ulimi wake. Kisha ni benchi, dakika kumi, mdomo umefungwa. Ukiongea utaimeza, na ikishuka tumboni haikufai kitu: jioni arosto inakukamata, mifupa inalia. Basi wanaume ishirini wenye vilemba wanakaa kimya, ukiwaona utadhani wamenuniana.

Asubuhi hiyo akaingia baba mkwe wake, Mzee Nachhattar, aliyekuja kujionea kama mtu kapona kweli au ni porojo. Jagsir akasimama upesi, akainama kumgusa miguu.

"Sat Sri Akal," mzee akasalimu.

Jagsir akaunganisha viganja. Kimya.

"Wee! Siku hizi salamu yangu haijibiwi?"

Kumnyima baba mkwe jibu la salamu mbele za watu! Heri umpige kofi. Jasho likamtoka Jagsir: akijibu, dozi imekwenda, asipojibu, mke amekwenda. Akaonyesha mdomo wake kwa kidole.

"Lo! Eti ninyamaze? Kumbe nimemwozesha binti yangu kwa bubu, tena bubu mwenye kiburi!"

Mzee alikwishageukia mlango, ndipo Harleen, mshauri wa kliniki, akamvutia kiti. "Keti, baba. Ana dawa mdomoni. Zimebaki dakika sita."

"Sita, haya. Nisikie na huo uongo wake."

Jagsir aliogopa, lakini hakuyumba. Mwezi mzima Harleen alikuwa akimuuliza, "Unga umeacha, ndugu yangu. Uongo je?" Na leo jibu analo.

Dawa ilipoyeyuka, akasimama wima.

"Sat Sri Akal, baba. Hereni za harusi za Veerpal hazikuibwa kwenye basi kama nilivyosema. Niliziuza mimi, nikanunua unga. Nikamwangalia akilia, na bado nikamdanganya."

Benchi zima lilisikia. Hakuinamisha kichwa.



"Tunajua," mzee akasema. "Sonara uliyemuuzia ni mtu wangu. Alinirudishia hereni wiki ile ile."

"Veerpal anajua?"

"Anajua tangu siku hiyo. Alinikataza nisikuulize, akasema lazima litoke kinywani mwako. Kila nikirudi nyumbani kutoka huku mjini ananipokea mlangoni kwa swali moja: 'Baba, ameshasema?' Leo nitamjibu ndiyo."