Miaka saba baada ya kupunguzwa tumbo, Rael bado anapita kati ya michai

Saa moja kasorobo asubuhi, ukungu bado umelala juu ya majani na mteremko mzima umelowa. Rael Chepkemboi anafunga aproni yake ya plastiki, anazungusha kamba kiunoni mara mbili, kisha anajitia kati ya mistari miwili ya michai kama mtu anayeingia nyumbani kwake.

Njia hiyo ni nyembamba. Mgeni akipita humo hutoka na suruali iliyolowa hadi mapajani, na vijiti vimemkwaruza. Rael hapunguzi mwendo. Mikono yake inatembea juu ya michai, inavunja majani mawili na chipukizi, inajaza viganja, inarusha nyuma ya bega ndani ya kikapu bila yeye kugeuka.

Kufikia saa nne ameshapeleka kilo ishirini na mbili kwenye mizani. Nyapara wake, Alfayo Amolo, anasema katika siku nzuri mama huyu wa miaka arobaini na mitano huchuma kilo hamsini, na wachumaji hulipwa shilingi tatu na senti kidogo kwa kila kilo.

"Kuna wasichana wa miaka ishirini hapa ambao hawamfikii," anasema Alfayo. "Na ukimwambia mgeni kwamba zamani huyu mama hakuweza kuingia kwenye mstari, ataona unamdanganya."

Lakini ndivyo ilivyokuwa. Mwaka 1990 Rael alikuwa na kilo 151.

Anaijua hesabu hiyo kwa sababu hawezi kuisahau siku aliyopimwa. Mizani ya zahanati ya shamba la chai ilikomea kilo 130, na mshale wake uligonga mwisho ukasimama. Ikabidi apelekwe kiwandani, kwenye mizani ya sakafuni inayopimia magunia ya chai iliyokauka. Wapakiaji walipomwona anapanda, waligeuka wote wakatazama ukutani.

"Wangecheka ningevumilia," anasema. "Kule kugeuka ndiko kuliniuma."

Rael alizaliwa Chebunyo, akaja kwenye chai na mumewe Jonah mwaka 1974. Jonah alipata kazi kiwandani, yeye akapewa kikapu. Alikuwa mwenye mwili tangu ujana, na kila mtoto aliyemzaa alimwachia kilo zake. Kwao hakuna aliyeona ubaya. Mke aliyenona ni sifa kwa mume, na nyumba yenye mursik, maziwa yaliyogandishwa ndani ya kibuyu, haimwachi mtu akakonda.

Ubaya ulianza alipoanza kukwama. Kwanza aproni ilichanika kila wiki. Kisha magoti yakavimba, sukari ikapanda, akawa analala ameketi kwa sababu akijinyosha pumzi inamkimbia. Mwisho nyapara wa wakati huo alimtoa kwenye uchumaji, akapelekwa kuangalia watoto wa wafanyakazi katika nyumba ya malezi, kwa mshahara mdogo zaidi.

Huko ndiko lilikotokea jambo analolisimulia huku macho yake yakiwa chini. Adhuhuri moja mtoto wa kike wa miaka mitatu alichomoka langoni akakimbilia barabara ya matrekta. Rael alimwona. Alijaribu kuinuka kutoka kwenye benchi, magoti yakakataa. Akajaribu tena, yakakataa. Trekta lilikuwa linateremka na trela lililojaa majani.

Dereva alimwona mtoto, akalielekeza trekta mtaroni. Mtoto hakuguswa. Majani yalimwagika barabara nzima, na mama wa mtoto, mchumaji mwenzake kutoka Kisii aitwaye Bochaberi, alikuja mbio akamkuta Rael bado yuko pale pale kwenye benchi, analia.

Bochaberi hakumlaumu. Rael alijilaumu mwenyewe. Jioni hiyo alimwambia Jonah kwamba hatalinda tena mtoto wa mtu, na kwamba ikiwa kuna dawa duniani ya kumpunguza, wakaitafute.

Dawa haikuwepo, lakini Kepher Nyakundi, mganga wa zahanati ya shamba, alikuwa amesikia habari za daktari mmoja wa upasuaji jijini Nairobi, aliyerudi kutoka masomoni ng'ambo. Daktari huyo alikuwa akiwafanyia watu wachache upasuaji wa kubana sehemu ya juu ya tumbo, likabaki kama kifuko kidogo kisichopokea zaidi ya vijiko vichache vya chakula. Kepher aliandika barua. Jibu lilipofika, Jonah aliuza ng'ombe wawili kutoka shamba lao dogo la Sigowet.

Watu waliambiwa Rael anakwenda kutolewa uvimbe tumboni.

"Ningewaambia nini?" anauliza. "Kwamba nimeuza ng'ombe wa maziwa nikakatwe ili nisile? Wangesema nimerogwa."

Alipasuliwa Juni 1991. Kilo zikaanza kuanguka, kumi, kisha ishirini, kisha arobaini. Sukari ikashuka hadi Kepher akampunguzia dawa. Mwanzoni mwa 1993 alikuwa na kilo 82, na asubuhi moja ya Machi alirudi kwenye michai akiwa na aproni mpya. Anasema alipopita mstari wa kwanza hadi mwisho alisimama akaangalia nyuma, akaona majani yamefunga njia kana kwamba hakuna aliyepita.

Hapo, kwa hadithi nyingi, ndipo mambo yangeishia. Kwa Rael ndipo yalipoanza.

Miaka ile ugonjwa wa ukimwi ulikuwa umeingia kambini, kwenye nyumba za wafanyakazi wa shamba, na watu walikuwa wamejifunza kuutambua kwa macho. Mtu akikonda, wanahesabu miezi. Mwanamke aliyekuwa na kilo 151, akaenda Nairobi, akarudi amebaki nusu, hakuhitaji kuulizwa kitu. Minong'ono ilianza mferejini, wanakoteka maji. Kisha kwenye chai ya baada ya ibada Rael aligundua kwamba kikombe chake kilikuwa kinawekwa kando, kisioshwe na vingine.

Jonah, mtu asiyependa maneno, aliona. Jumapili iliyofuata alingoja mkewe anywe nusu, akakichukua kikombe kile mkononi mwake, akanywa chai iliyobaki mbele ya wote, akakirudisha mezani katikati ya vikombe vingine.

Lakini maneno yalishafika Chebunyo. Mama yake Rael, mzee aliyekuwa ameshawazika wanawe wawili, alikuja na vibuyu viwili vya mursik kumlisha binti yake asife. Rael hakuweza kumkatalia. Mama alipoondoka, aliendelea mwenyewe. Ugali mgumu ulimkwama, nyama ilimtapisha, ila maziwa na chai ya sukari vilishuka bila kipingamizi.

"Nilikuwa najinenepesha ili watu waone siumwi," anasema. "Niliwasikiliza watu, nikaacha kuusikiliza mwili wangu."

Mwanzoni mwa 1995 alikuwa amefika kilo 101. Magoti yakaanza tena. Siku moja, akiwa katikati ya mstari, aproni ilinasa kulia na kushoto, akabaki amesimama hapo hajui asonge mbele au arudi. Aliweka kikapu chini, akashuka mpaka zahanati.

Kepher hakumgombeza. Alimwomba ataje kila alichotia kinywani tangu asubuhi. Chakula kilikuwa kidogo kama cha ndege. Vikombe vya chai vilikuwa saba, kila kimoja vijiko vinne vya sukari.

"Mama, daktari alikupunguzia tumbo tu," Kepher alimwambia. "Chai haitafunwi, inapita. Daktari alifanya kazi yake siku moja. Yako ni ya kila siku, na hakuna wa kukusaidia ukiwa umeificha."

Kuhusu minong'ono, Kepher alipendekeza wapime damu apate karatasi ya kuwanyamazisha watu. Rael alipimwa, akaonekana hana virusi. Lakini karatasi ile hakumwonyesha mtu yeyote ila Jonah.

"Kambini kulikuwa na watu waliokuwa wanaumwa kweli," anaeleza. "Nikizunguka na karatasi kusema mimi si kama hao, nitakuwa nimewawekea wao kikombe kando. Nikaona heri niseme ukweli wangu, basi."

Ukweli huo aliusema Alhamisi moja katika kikundi cha akina mama cha kanisa. Wanawake kumi na wanane walikuwa wameketi. Rael alisimama akasema hakutolewa uvimbe. Akaeleza kilo 151, trekta, ng'ombe wawili, na tumbo lililobanwa. Kisha akainua blauzi yake akawaonyesha kovu lililoshuka kutoka kifuani hadi karibu na kitovu.

Wa kwanza kusema alikuwa Bochaberi.

"Kwa hivyo miaka hii yote umekuwa ukila kama mtoto mchanga," alisema, "na sisi tunakupakulia kilima cha ugali, na wewe unanyamaza tu?"

Wakacheka, wengine wakilia. Mmoja aliuliza kama ilimuuma. Mwingine akauliza kama chakula bado kina utamu. Rael aliwajibu yote, na siku hiyo akapakuliwa chakula kwenye kisosi.

Iliyobaki ilikuwa Chebunyo. Alimfungulia mama yake kovu lile jikoni, na mzee akalipitisha kidole kutoka juu hadi chini. Alisema angeambiwa mapema, angempimia maziwa kwa kikombe cha mtoto, wala asingemletea vibuyu. Rael anasema hilo ndilo neno lililomrudisha nyumbani na nguvu.

Kupungua mara ya pili kulikuwa kugumu kuliko mara ya kwanza, kwa sababu safari hii hakukuwa na kisu cha kumsaidia. Ilimchukua karibu miaka miwili. Sukari kwenye chai aliipunguza kijiko kimoja kila mwezi mpaka ikaisha. Gari la Jumamosi la kwenda Sigowet kuangalia ng'ombe waliobaki aliliacha, akawa anapanda vilima kwa miguu. Mvua kubwa ya mwisho wa mwaka jana ilipokata njia, alizunguka ghala la majani na mwavuli mkononi hadi walinzi wakamzoea.

Saa nne hii, wachumaji wameketi kando ya barabara kupumzika. Wengine wamefungua mandazi na chupa za chai. Rael anafungua kikopo kidogo: yai moja la kuchemsha na maharagwe yaliyopondwa, kiasi cha kujaza kiganja. Anakula kwa kijiko cha chai, anatafuna taratibu, anaweka kijiko chini kila baada ya tonge. Anapohisi kifua kimeanza kubana anaacha, hata kama limebaki tonge moja.

Maji hagusi, maana yangekisukuma chakula upesi na njaa ikarudi. Bochaberi, aliyeketi karibu yake, ndiye anayeshika chupa, na hampi mpaka nusu saa ipite. Rael akiinyoshea mkono mapema, mwenzake anaihamishia upande wa pili bila kukatiza mazungumzo.

Kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi hupita zahanati kupimwa na kuchukua vidonge vya vitamini na vya damu. Kepher ameandika uzito wake kwenye daftari moja tangu mwanzo. Mwezi huu wa Agosti 1998 amesoma kilo 80, na kwa miezi kumi na minane haujapanda zaidi ya kilo mbili. Dawa za sukari aliziacha kabisa mwaka jana.

"Nimetibu watu wengi ambao walipona wakasahau," anasema Kepher. "Huyu alianguka akiwa peke yake, akainuka mbele za watu. Ndiyo maana namheshimu."

Si kwamba njaa imekwisha. Rael anakiri kuna jioni ambapo harufu ya chapati kutoka nyumba ya jirani humtoa nje, akatembea hadi mwisho wa kambi na kurudi. Nywele zake zilipungua, na ngozi ya tumbo inaning'inia, huifunga kwa leso kabla ya kuvaa aproni. Anayasema hayo bila aibu. Anasema ni bei, na yeye ameikubali.

Jambo linalomshughulisha sasa ni Desemba. Binti yake wa pili, Chepchirchir, ataolewa Chebunyo. Harusi ya binti wa kwanza ilifanyika huko huko mwaka 1990. Wanawake waliposhuka barabarani wakaanza kupanda kilima kuelekea kanisani wakiimba, Rael alibaki ndani ya pikapu chini ya kilima. Alisikia nyimbo zikipanda zikififia. Binti yake alivishwa pete mama akiwa ametazama usukani.

Chepchirchir ameshauriwa na wajomba akodi gari litakalowafikisha wazee mlangoni. Amekubali, kwa ajili ya nyanya yake. Mama yake amemwambia yeye hahitaji nafasi humo.

Rael amekwenda Chebunyo mara mbili mwaka huu kukijaribu kilima hicho. Mara ya kwanza alipumzika mara tatu. Mara ya pili, mwezi uliopita, alipumzika mara moja, akafika juu akiwa bado na pumzi.

"Mwenye kuanzisha wimbo hutangulia mbele," anasema, akisimama na kuweka kikapu mgongoni. "Nimewaambia wimbo huo ni wangu. Nataka kuuanzia chini, na nikifika mlangoni uwe haujakatika."