Bangili za Shaba Nilizopeleka kwa Wakwe

Siku yangu ya kwanza kazini nilishusha kabati la mbao nzito kwa mgongo, peke yangu, kutoka ghorofa ya tatu huko Schaerbeek, mtaa wa Bruxelles. Patron wangu, yaani bosi, Mbelgiji mnene, alikuwa ameagiza lift ya nje, ile ngazi ya mashine inayoegemezwa dirishani, maana ngazi za ndani ni nyembamba. Lift ilifika nikiwa nimeketi juu ya kabati barabarani, nakula mkate. Nawaambia ninyi vijana mjue mnaongea na nani.

Kazi yetu ilikuwa kuondoa vyombo katika nyumba za marehemu. Warithi wanataka nyumba tupu. Sisi tunabeba vyote, vizuri tunauza, vibovu tunatupa. Shule niliiacha mapema kule Bukavu, lakini vitu nilivisoma kwa macho. Patron alinieleza patine, yaani ule weusi ambao miaka inauweka juu ya chuma. "Usisugue kitu usichokijua," alisema. Alikuwa mtu mwema, ila mvivu wa kusugua.

Baada yake nilifanya kazi kwa Patron Mturuki, fundi wa kupatana bei. Baada ya Mturuki, patron nikawa mimi. Jina langu liliandikwa ubavuni mwa kamioneti, gari langu la mizigo, kwa herufi zinazosomeka kutoka ndani ya tramu.

Bon. Mwaka ambao mwanangu wa kwanza alitaka kuoa, niliondoa vyombo katika nyumba moja ya Woluwe. Chini kabisa, katika chumba cha kuhifadhia mvinyo, nikakuta kikapu cha bangili za shaba, nzito, nyeusi, hazikufunga duara. Warithi hawakuzitaka. Nilizisugua mpaka zikang'aa kama taa za kanisa, nikaamua zitaongozana na mahari.

Tulikwenda Berchem kwa wakwe. Nilisimama, nikaeleza nilivyoanza kazi, nilivyopanda, na kwa kifupi nikamtaja pia mwanangu. Kisha nikafungua kikapu. Wamaman wakapiga vigelegele. Tonton, yaani mjomba wa binti tuliyemposa, aliyefundisha historia Uvira kabla ya kukimbia vita, akachukua bangili moja, akavaa miwani.

"Papa, hii umetosha wapi?" akauliza, yaani nimeitoa wapi.

Nikamwambia ni shaba safi, na mng'aro ni wangu mwenyewe.

Akatueleza polepole. Zamani sana, bangili za namna hii zilitengenezwa huku huku Ubelgiji, upande wa bandari ya Anvers. Wareno walizipakia melini wakashuka pwani ya Afrika Magharibi, wakatoa bangili, wakapokea pilipili, pembe za ndovu, halafu watu. Wale watu walipelekwa Ureno na visiwani kulima miwa, na baadaye ng'ambo ya bahari, Amerika.

"Na wewe unakuya nazo hapa, kuomba mutoto wetu," akasema.

Vigelegele vilikufa. Binti aliingia jikoni kulia. Mwanangu alinitazama kama mtu aliyeachwa na basi la mwisho. Tonton alisema mahari haipokelewi, labda nilipe faini kwanza. Nikauliza ni mbuzi wangapi.

"Mbuzi hapana. Utasimama, utueleze hizi bangili zilitoka wapi, mpaka mwisho. Ukijitaja wewe, kreti moja ya bia."

Nikaanza. Shaba iliyeyushwa upande wa Anvers, ambako mimi pia nimeondoa nyumba nyingi. Kreti. Wareno wakazipakia katika meli, na upakiaji naujua. Kreti ya pili. Mwanangu akateremka dukani bila kutumwa.

Baada ya hapo nilifika pwani. Nikasema kulikuwa na mtu amesimama, na mbele yake wageni wanaweka bangili chini, moja juu ya nyingine, mpaka yule aliyemkamata aseme inatosha. Hapo nikatafuta pa kujiingiza, mimi ambaye hakuna hadithi ya Bruxelles ambamo simo. Sikupaona. Niliendelea mpaka mwisho, nikakaa.

Tonton alivua miwani. "Bangili tunakatala. Mutoto anaenda juu anapenda." Ndivyo binti alivyotolewa kwetu, kwa sababu tu alimpenda mwanangu.

Leo nimestaafu, mgongo umegoma kabla ya mwenyewe kuzeeka. Kamioneti nimeuza, bangili sijauza. Kila sherehe ya ukoo Tonton ananisimamisha niwaeleze watoto, na ninafika mwisho bila kujitaja. Wakishanyamaza vizuri, ndipo nawaambia kwamba Bruxelles nzima hakuna anayeisimulia kama mimi. Kreti ya siku hizi huwa nainunua kabla sijaanza.