Nilivyoingia Uwanjani Kumtunza Salma Mpira Ukiwa Bado Hewani

Sitaki mtu anitetee, maana kila wiki pale dukani kwangu Uyole lazima mteja mmoja aninong'oneze, "Mama Shani, eti ni wewe yule wa kwenye simu?" na mimi najibu ndiyo, yule mwanamke mwenye kiatu kimoja katikati ya uwanja wa tenisi ni mimi mwenyewe, sina pacha. Basi bora niisimulie kwa mdomo wangu kuliko kuiachia ile video, ambayo hata haionyeshi nilikuwa na nia gani.

Salma ni binti wa mdogo wangu Idi, anayekaa Ipogolo, Iringa. Alianza utotoni kwa kuwaokotea mipira wakubwa wa klabu ya kule mjini juu, akapewa raketi iliyokatika nyuzi, akaifungafunga, na sasa ni mchezaji hasa. Mwaka huu klabu ikaletewa mashindano ya wachezaji wa kulipwa, wanaume kwa wanawake. Si yale makubwa ya kwenye televisheni, haya ni ya daraja la pili, lakini watu walitoka nchi za mbali, na Salma akapewa nafasi ya mwaliko kwa kuwa ni mwenyeji. Idi alinieleza kwenye simu taratibu kama anaongea na mgonjwa: "Dada, akishinda mechi moja tu anapata pointi zake za kwanza, jina linaanza kuhesabika duniani. Na mwaliko kama huu hauji kila siku." Nikamwambia nakuja.

Nilipanda basi, na tulipofika Nyololo viti vyote vya karibu vilikuwa vinamjua Salma (mama mmoja alishuka hapo akaniahidi kumwombea). Kwenye pochi nilikuwa na kitenge kizuri nilichokichagua dukani kwangu, cha kumtunza. Hapa naomba mnielewe. Kwetu mtoto akifanya jambo la maana haachwi mpaka arudi nyumbani, anatunzwa palepale mbele za watu, anafunikwa kitenge, anapigiwa vigelegele, na wa kwanza kuinuka ni shangazi. Sikuona kwa nini tenisi iwe tofauti na harusi. Halafu nikawaona ndugu wa upande wa mama yake jukwaani wamekuja na mfuko umetuna, nikajua hawa wanataka kuniwahi. Kwa hiyo Idi aliponiita nikakae naye juu nikakataa, nikaenda kukaa chini kabisa, kando ya kigeti cha kuingilia uwanjani. Hapo ndipo nilipoharibu.

Jamani, tenisi ni kimya, na mimi hakuna aliyeniambia. Salma ameshaurusha mpira juu aanzishe, mimi huyo na kigelegele, mwamuzi kwenye kile kiti chake kirefu akasema "tafadhali," uwanja mzima ukanigeukia. Baadaye yule mpinzani, binti mrefu wa Kimisri, akapiga mpira wavuni mwenyewe, nikashangilia peke yangu (kumbe si adabu). Mzee mmoja mstaarabu aliyekaa jirani yangu akaniinamia. "Mama, subiri pointi iishe." Nikasema sawa, nikawa nimejiziba mdomo kwa mkono kama mtu anayeumwa jino.

Na Salma alikuwa anacheza, nyie. Alichukua seti ya kwanza, ya pili akawa anaongoza, mpaka nikamwona yule mzee mwenyewe hatulii kwenye kiti. Nikamuuliza bado nini. "Pointi moja tu," akasema. "Akiipata hii, mechi imekwisha." Nikafungua pochi.

Salma akaupeleka mpira kona ya mbali, yule Mmisri akaukimbilia, akateleza, akaanguka, vumbi likatimka, watu wakaguna, na mimi kwa akili yangu nikasema mtu yuko chini na mpira uko kona, kuna nini tena? Nikasukuma kigeti. Nikaingia na kigelegele chote nilichokuwa nimekibana, kitenge nimekitanua kwa mikono miwili, nakimbia. Ninaoukumbuka ni uso wa Salma, kwamba hakuwa ananitazama mimi, alikuwa anatazama juu. Yule binti palepale chini alikuwa ameuwahi mpira kwa ncha ya raketi, na mpira ulikuwa unarudi, juu, polepole, wa kupigilia tu, hata mimi ningeupigilia, na Salma yuko chini yake mkono umeshainuka, ndipo nikamfunika kitenge.

Mpira ukadunda kando yetu. Mwamuzi akatangaza pointi irudiwe.

Nikageuka kutoka mbio, na hapo nikagundua kiatu kimoja hakiji. Nilikuwa nimevaa vya visigino virefu (kwa ajili ya picha), na uwanja ule ni wa udongo mwekundu, wanaunyunyizia maji na kuusawazisha kwa upendo kabisa, nami nilikuwa nimeutoboa mashimo kutoka kigetini mpaka karibu na wavu. Nikavuta mguu, mguu ukaja, kiatu kikabaki. Wakaja watu na mafagio, wakaja na maji, wakaja na lile dude zito la kushindilia, mchezo ukasimama. Na mnaujua upepo wa Iringa mwezi wa saba. Salma alikaa kwenye kiti jasho linamkaukia mwilini, anajisugua mapaja yasigande, na mimi namwona, siwezi hata kumpelekea sweta, maana mlinzi alikuwa ameshanishika mkono, kwa heshima, ananitoa nje ya uzio.

Uzio wote umefunikwa turubai, huoni kitu. "Kamwene mama," mlinzi akanisalimia upya tulipofika nje, akanipa kigoda chake. Nikasikia mpira, nikasikia makofi.

"Nani kapata?" nikamuuliza.

"Sijui, mama. Hawa wanawapigia makofi wote."

Na ni kweli, wanawapigia wote. Nikakaa nasikiliza makofi ambayo hayaniambii kitu. Lakini nilikumbuka maneno ya yule mzee, pointi moja tu. Kama Salma angeipata watu wangekuwa wameshatoka, na hawakutoka, na kadiri walivyozidi kutotoka ndivyo nilivyozidi kujua. Nililia pale kigodani, mlinzi akaangalia pembeni.

Mwishowe Salma akatoka na begi lake begani, kashindwa. Nikainuka nianze kuomba radhi, akanitangulia.

"Shangazi, ule mpira wa juu nisingeukosa."

"Najua, mwanangu."

"Nisingeukosa kabisa."

Halafu nikarudi kigodani, naye akakaa chini, kichwa akanilazia magotini, akalia, udongo umemjaa kwenye nywele. Idi alikuja akatukuta hivyo, akaliokota begi la Salma akalivaa begani. Afadhali angenifokea.

Juzi Salma kanipigia. Kapata nafasi nyingine, mashindano ya Arusha, anauliza nakuja lini. Nikamwambia mimi nabaki Uyole, nimeogopa, nitamwombea nikiwa mbali.

"Shangazi," akasema, "siku ile watu wote walikuwa wanatupigia makofi sote wawili. Aliyekuwa upande wangu nikamsikia ni wewe tu."

Basi nitakwenda. Lakini naapa mbele yenu, nitakaa juu kabisa kando ya Idi, na hata watu wote wakiinuka, hata wakisalimiana na kwenda zao, mimi sinyanyuki mpaka Salma mwenyewe apande ngazi, anishike mkono, aniambie shangazi, imekwisha.